Uji wa Nahimana

Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Arlène alijulikana kwa mambo mawili: mkono wake wa cherehani na sauti yake kwenye kwaya. Alikuwa mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, binti wa mwalimu, aliyekimbia vita pamoja na mumewe Dieudonné akiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto alizaliwa kambini, wakamwita Fabrice. Aliishi miaka minne. Na kwa kuwa kwa watu wa kwao mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake, hata baada ya kaburi kufukiwa waliendelea kumwita Mama Fabrice: sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Kila salamu ilimchoma palepale palipokuwa na kidonda, naye aliitika.

Kilichomuua Fabrice kilijulikana na mtaa mzima. Nahimana, mjane wa Kirundi aliyekaa nyumba ya pili, alimpa uji mchana, na kabla jua halijatua mtoto alikuwa maiti. Watu wa Bukavu wamekua wakionywa juu ya karuho, sumu ambayo mtu huificha kwenye ukucha na kuidondosha katika chakula cha mwenzake, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Vijana walimtoa Nahimana nje, wakambomolea nyumba, wakampiga kwa matofali ya nyumba hiyohiyo. Polisi walimwondoa akiwa hajitambui. Hakurudi. Wengine walisema amekwenda kwao Burundi, wengine walisema amekufa. Arlène alichagua kuamini kwamba amekufa.

Mwaka wa saba tangu msiba, alasiri moja baada ya mazoezi ya kwaya, Orpa alimvuta pembeni. Orpa alikuwa mwanamke wa Fizi, mcheshi, aliyekuwa akienda Lilongwe kila wiki kununua mitumba.

"Mama Fabrice, kaa kwanza kabla sijakuambia."

"Sema tu."

"Nimemuona yule mulozi. Iko pale soko la Tsoka, anauza samaki bakavu. Jicho la kushoto limekwisha, limebaki shimo. Mi nilitaka kupita kama sijamuona, akaniita mwenyewe."

Arlène alishika ukingo wa benchi. "Akasema nini?"

"Aliniuliza kama we uko mzima. Kama Mungu alikupa batoto bengine." Orpa alitema mate chini, akayafukia kwa kiatu. "Unaona ujeuri wa mulozi? Amekufunga tumbo, kisha anauliza kama umezaa."

Wanawake wengine walisogea, na habari ikaenea benchi kwa benchi. Hawakupoteza wakati. Walimzunguka Arlène, wakaweka mikono juu ya kichwa chake na juu ya tumbo lake ambalo tangu Fabrice halikuwa limebeba kitu, wakaomba. Waliomba Mungu amfunge Nahimana kwa minyororo ya moto, amrudishie sumu yake tumboni mwake, jicho lililobaki nalo lizimike. Kila ombi lilipoisha walingoja mama wa marehemu aitikie.

"Amina," alisema Arlène. Akasema tena, "Amina."

Alitoka pale mbio, watu wakadhani ni Roho.

Ukweli ulikuwa huu. Siku ile Fabrice aliamka na homa. Dieudonné, kabla ya kwenda kibaruani, alimwambia mkewe ampeleke mtoto zahanati. Lakini Arlène alikuwa na magauni manane ya arusi ya kumaliza, na foleni ya zahanati ingemla siku nzima. Akanunua kinini, dawa ya malaria, kwa mchuuzi wa njiani, vidonge vya watu wazima vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Akampa mtoto viwili. Homa haikushuka, saa nne akampa vingine viwili. Mchana mtoto akawa analia kwamba masikio yake yanapiga filimbi, na kwa kuwa kilio kilimkosesha utulivu wa kushona, akampa vingine tena, kisha akampeleka kwa Nahimana ili yeye mwenyewe amalizie pindo. Nahimana akamlisha vijiko vitatu vya uji. Baadaye mtoto alianza kutapika, halafu degedege.

Jioni, Dieudonné alipiga magoti kando ya mwili mdogo uliofunikwa kwa kitenge na kuuliza swali moja tu: "Alikula nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Arlène alimtazama mumewe usoni, akaona jinsi uso ule utakavyomgeukia. Akajibu, "Alikula uji kwa Nahimana." Neno la kweli kabisa. Lakini kuna kweli inayosemwa ili ifanye kazi ya uongo. Mtu nyuma akanong'ona, karuho. Kijana mmoja akauliza, "Mama, uliona kitu?" Na Arlène, ambaye bado alikuwa na kipande cha gazeti mfukoni mwa aproni, akasema, "Nilimuona akitia kidole ndani ya kikombe."

Basi. Sentensi moja. Dakika kumi baadaye alisikia matofali.

Baada ya habari za Orpa, chakula kilimkataa. Si kwamba miaka hiyo saba alikuwa ameishi kwa raha. Alikuwa amefanya kila liwezekanalo kuifunika ile sentensi. Alikuwa amefunga siku tatu, akafunga siku saba. Alishona sare za kwaya nzima bila kupokea kitu. Alifua nguo za wagonjwa, aliosha maiti za wanawake wasio na ndugu, na kila alipomaliza alingoja moyo wake umwambie: imetosha. Moyo haukuwahi kusema. Sasa akafunga tena, kavu, bila maji, mpaka siku ya pili akaanguka juu ya cherehani na sindano ikamtoboa kidole. Akaitazama damu. Akafikiri kwamba hata angeimwaga yote, jicho la Nahimana lisingerudi.

Kule kumwaza Mungu ndiko kulikokuwa mateso makubwa zaidi. Kila alipofumba macho kuomba alijikuta anaongea na mtu anayejua na asiyesema kitu. Alitamani Mungu asiwepo. Kisha akaogopa kutamani huko, akaomba toba, na toba yenyewe ikawa na harufu ya uongo.

Siku ya Jumanne alikwenda kanisani. Lilikuwa jengo la matofali mabichi na mabati, na mchungaji wake, Rodrigue, kijana wa Uvira mwenye miaka ishirini na minane, alikuwa ndani akishona viatu, kwa maana siku za kazi alikula kwa ufundi huo. Walikuwa wawili tu.

"Karibu, Mama Fabrice. Umekonda."

"Pasta, usiniite jina hilo."

Rodrigue aliweka kiatu chini. Arlène hakukaa. Alisimama akitazama ukuta, akasimulia yote: magauni, gazeti, vidonge mara tatu, masikio yaliyopiga filimbi, kidole ndani ya kikombe. Alisema haraka kama mtu anayetapika. Alipomaliza alingoja karipio, au mkono wa baraka, lolote.

Mchungaji alitoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"We unajua nani alipiga jicho lile?" aliuliza.

Arlène aligeuka kutoka ukutani, akamtazama.

"Bakijana tulikuwa wengi. Mi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilishika nusu ya tofali. Alikuwa ameinua uso, anasema kitu, nikarusha." Alikaa sakafuni, mgongo kwenye benchi. "Miaka yote nilijiambia, nilimpiga mwenye kuua batoto. Hata nilipookoka, nilitubu pombe, nilitubu kutembea na bibi ya watu, ile sikutubu. Niliihesabu kama haki."

Nje mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, alipita akipiga kengele.

"Basi hakuna dawa," alisema Arlène. "Nimefunga, Pasta. Nimeosha maiti. Nimeshona mpaka macho yanaona giza. Haiondoki. Kama we mwenyewe uko hivyo, mimi niende wapi?"

Rodrigue hakujibu kwa sauti ya madhabahuni. "Sikiliza. Mi sina dawa ya kutoa mfukoni. Nimehubiri msalaba miaka minne, na leo njo siku ya kwanza ninauhitaji kwa kitu ambacho siwezi kukipamba hata kwa uongo. We unafanya kazi ili Mungu asahau. Yeye hakusahau. Alikuja akapigwa na batu kama sisi, batu wenye matofali, na akaomba wasamehewe. Kama hiyo haitufikii mimi na wewe, haimfikii mtu yeyote, tufunge hii kanisa tuuze mabati."

"Na kama inatufikia?"

"Kama inatufikia, basi tuache kuficha. Mtu anaficha, ama anasamehewa. Vyote viwili haviwezekani."

Alhamisi walipata kibali cha kutoka kambini, wakapanda minibasi hadi Lilongwe. Katika soko la Tsoka walipita kwenye mabunda ya nguo, maharage na sabuni, wakauliza, mpaka mwanamke mmoja Mmalawi akawaonyesha kwa kidevu. Nahimana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele yake usipa, vile visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, katika mafungu madogo. Alikuwa amezeeka kuliko miaka saba. Aliwatambua kabla hawajafika.

"Mama Fabrice," alisema. "Umekuja."

Arlène alipiga magoti kwenye matope na maganda. Wapita njia walimkwepa. "Maman, nilisema uongo. Sikukuona ukitia kitu. Ni mimi nilimpa mtoto kinini, mara tatu. Ni mimi nilimuua, kisha nikakutupia wewe."

Nahimana aliendelea kutoa mchanga kwenye samaki kwa ncha za vidole. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nilizaa sita, nikalea wajukuu. Mtoto alifika kwangu, nikamwita jina, hakusikia. Nikamwita tena nyuma ya sikio. Kimya. Nikasema, kinini ikizidi inaziba masikio, huyu amejazwa kinini. Nikampa uji nikidhani utamsaidia tumboni."

"Kwa nini hukusema?"

Kwa mara ya kwanza bibi kizee aliinua kichwa, na Arlène akalazimika kutazama lile shimo. "Nilisema. Nilisema kwa Kirundi, nikasema kwa Kiswahili. Nilikuwa bado nasema tofali lilipofika."

Rodrigue, aliyekuwa amesimama nyuma, alishuka naye magotini. "Lile tofali lilikuwa langu," alisema.

Mteja alikuja, akanunua mafungu mawili, akashukuru, zikomo, akaondoka. Ndipo Nahimana akaongea, taratibu, bila hasira, jambo lililokuwa gumu kulivumilia kuliko hasira.

"Mnataka niwape nini? Msamaha wa Mungu ni wa Mungu, mwombeni mwenyewe. Wa kwangu nimeutafuta miaka yote hii, kila asubuhi, sijauona. Siwezi kuwapa kitu sina." Alifukuza nzi. "Lakini neno moja nitawaambia. Uongo mliusema kwa sauti kubwa, kambi nzima ikasikia. Ukweli mnaniletea kwa kunong'ona, huku kwenye samaki."

Akarudi kwenye samaki wake. Walirudi Dzaleka.

Jumapili hiyo, kabla ya mahubiri, Arlène alitoka kwenye safu ya kwaya na kusimama mbele. Dieudonné alikuwa benchi la tatu, amevaa shati aliloshonewa na mkewe. Arlène alikuwa amekusudia kumwambia peke yake kwanza. Usiku na mchana alijaribu, kila mara akaishia kuongea jambo jingine. Hilo nalo lilikuwa kosa, na alilijua. Akasema yote. Hakulia, kwa sababu aliogopa kwamba machozi yangewafanya wamhurumie kabla hajamaliza.

Alipotaja vidonge, Dieudonné alisimama. Alipotaja kidole na kikombe, alitoka. Hakubamiza mlango, mlango ulikuwa pazia.

Kilichofuata hakikuwa kama watu wanavyosimulia katika shuhuda. Hakuna aliyesema haleluya. Ilitoka sauti ya mwanamume mmoja: "Kwa hiyo sisi ni nini? Sisi ni bauaji?" Na Arlène akaelewa kwamba katika mabenchi yale walikuwapo wengi walioshika matofali, na kwamba yeye alikuwa amewavua ile haki waliyojifunika nayo. Orpa alipiga kelele kwamba huyu mwanamke amerogwa, si yeye anayesema. Wengine waliinuka. Rodrigue alishuka kutoka mimbarani, akasimama bega kwa bega naye, akasema lake. Hapo fujo ikawa moja. Kabla ya saa sita wazee wa kanisa walikuwa wamemvua uchungaji hadi watakapokaa kikao.

Nyumbani, Dieudonné alikuwa akifunga nguo zake ndani ya shuka.

"Baba Fabrice," Arlène alisema.

"Miaka saba." Alifunga fundo, likafunguka, akalifunga tena. "Nilikuwa nakutuliza. Ulipolia mi nilikuwa nakutuliza."

"Najua."

"Niambie jambo moja tu. Alikuwa anasema nini? Mtoto."

Arlène angeweza kupunguza. Kila kitu ndani yake kiliomba apunguze. "Alisema masikio yake yanapiga filimbi. Alisema, mama, izime."

Dieudonné alikaa juu ya furushi, akafunika uso kwa mikono miwili, akatoa sauti ambayo Arlène hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Alitaka kumgusa, mkono ukaishia hewani. Baadaye aliinuka akaondoka. Alikwenda Madisi, kwa mtu aliyemjua, kulima tumbaku. Hakuaga.

Majuma yaliyofuata yalikuwa jangwa. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata vile vilivyokwisha katwa. Kwenye foleni ya maji ndoo yake ilisukumwa nyuma. Hakuna aliyemwita Mama Fabrice tena, hawakumwita kitu. Mchana mmoja alikaa sakafuni kando ya cherehani na kusema kwa sauti, "Bwana, sina kitu." Halikuwa ombi. Ilikuwa hesabu ya nyumba. Hakuna mume, hakuna mtoto, hakuna jina jema, hakuna hata funga moja ya kuonyesha, maana tangu Tsoka alikuwa ameacha kufunga. Akangoja ile hofu ya zamani ya kutazamwa na anayejua na asiyesema. Ilikuja, lakini haikuwa kama zamani. Aliyejua bado alikuwa anajua. Tofauti ni kwamba sasa hapakuwa na kitu kati yao. Maumivu hayakupungua hata punje. Alilia mpaka kitenge kikalowa, na katikati ya kilio akagundua kwamba anaomba, na kwamba haogopi kusikilizwa. Alimwita Yesu kwa jina, mara nyingi, kama mtu aliyeanguka kisimani anavyomwita aliye juu. Huo ndio ulikuwa wokovu wake, ukitaka kuuita hivyo: kwamba alikuwa chini kabisa na bado anaita.

Rodrigue alipita siku moja, begi la viatu begani. Wazee walikuwa wamekaa kikao, hawakumrudishia mimbari. Alikuwa ameambiwa kwamba aende polisi akitaka, naye alikuwa amekwenda. Waliandika maelezo yake, wakamwambia angoje aitwe.

"Unaogopa?" Arlène aliuliza.

"Sana," alisema. "Lakini nalala."

Jumamosi Arlène alikwenda tena Lilongwe, peke yake. Alimweleza Nahimana yaliyotokea kanisani, bila kuongeza wala kujisifu. Nahimana alisikiliza huku akipanga mafungu. Aliposikia habari za Dieudonné alitikisa kichwa na kusema "yoo" polepole, kama mtu aliyefiwa.

"Kwa hiyo walisikia," alisema mwishowe.

"Walisikia, Maman."

"Wote?"

"Wengi. Wengine hawataki kusikia."

Nahimana alisogeza ndoo ya pili kwa mguu. Arlène alikaa. Walitoa mchanga kwenye usipa mpaka soko likapungua watu. Ndipo bibi kizee, aliyekuwa Mkatoliki wa zamani, akasema kwamba saa hii huwa anasali, na kama Arlène anataka asali naye. Walianza pamoja ile sala ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake. Walikwenda vizuri, sauti mbili chini chini kati ya kelele za makuli. Walipofika pale ambapo mtu anaomba kusamehewa kama yeye naye anavyosamehe, Nahimana alinyamaza. Midomo yake ilikuwa wazi. Arlène alimsubiri, kisha akanyamaza naye, kwa kuwa hakuona haki ya kupita pale peke yake.

"Leo sikufika mwisho," alisema Nahimana. Chozi lilikuwa limetoka kwenye jicho zima, na upande ule mwingine pia palikuwa na unyevu. "Nimefika pale, mguu umekataa."

"Pole, Maman."

"Usinipe pole. Jumamosi ijayo uko na kazi?"

"Sina kazi yoyote."

"Basi uje. Tutaanza kutoka mwanzo." Akamkabidhi ungo. "Na huu mchanga uutoe vizuri, watu wananunua samaki, hawanunui ziwa."